Mama mkwe na ndoo inayotoa mapovu

Mama mkwe anaamini natengeneza rubisi jikoni. Ndiyo, pombe ya ndizi.

Ukweli ni kwamba nataka kulima mboga bila udongo, hapa hapa nyumbani Kitendaguro.

Mfumo wa mabomba ulinitisha, nikachagua ndoo. Ina maji ya virutubisho, mfuniko wenye matundu na kipampu cha hewa ili mizizi ipumue. Wanasema ndio rahisi kwa anayeanza.

Miche bado sijapandikiza. Kwa sasa ni ndoo tu, inatoa mapovu dirishani.

Leo mama mkwe kafika kutoka Muleba. Ni mzee wa kanisa.

Kaiangalia ndoo.

Wakati wa kuombea chakula, akaomba nyumba hii iepushwe na ulevi. Aliomba mpaka ndizi zikapoa.

Nikamwambia, "Mama, ile ni bustani."

Akainuka, akafunua mfuniko, akanusa.

"Mama Koku, hii haiwezi kuchachuka. Hujaweka mtama."

Mume wangu kaacha kula, anamtazama mama yake.

Wenye uzoefu na hizi ndoo, nishaurini. Ila mambo ya bustani tu. Ya rubisi nimeshapata mwalimu.