Dawa ya Abbasi Imelala

Hebu mwone Rabia akishuka kwenye basi pale Kasulu, mwaka 2013, vumbi jekundu limemkaa mpaka kwenye kope. Mtu wa Tanga huyu, mfamasia wa serikali. Mkono mmoja umeshika begi la nguo, wa pili umekumbatia boksi kama amebeba kichanga. Ndani ya boksi mna mashine ya kupima vitamini kwenye dawa.

Nivumilie kidogo niieleze. Kidonge kinasagwa, kinatiwa kwenye maji, unga wake unaachwa uzame. Halafu kijiti cha kaboni kinatumbukizwa, umeme mdogo unapita, na kwenye skrini panachorwa mlima. Vitamini ikiwa nyingi, mlima mrefu. Ikiwa imekufa, unaona tambarare.

"Milima!" alicheka Esteri, mama mmoja wa kijiji cha Muyama aliyepewa kumsaidia maabara. "Yaani umetoka Tanga kuja kutuonyesha sisi Waha milima?"

Tangu hapo wakapatana sana.

Sasa, sokoni palikuwa na Abbasi, mwenye duka la dawa. Akina mama walimwamini. Mtoto akitoka damu kwenye fizi, walikimbilia vitamini C ya kwake. Rabia alichukua makopo mawili ya vitamini hiyo akayapime, akamwomba Esteri aandae dawa kutoka moja, yeye akaenda Buhigwe kikazi. Kesho yake asubuhi akarudi.

"Ya Abbasi iko tayari?"

"Tayari, bosi. Imelala."

Rabia akaitazama chupa. Kweli, unga umelala chini, maji yametulia juu. Akatumbukiza kijiti. Mlima haukuinuka. Akarudia, kichuguu tu.

Siku ya gulio akashika kipaza sauti, akawatangazia watu kwamba vitamini ile haifai.

"Bi Rabia, wanangu mwenyewe nawapa dawa hii!" Abbasi alilia.

Mzigo wote ukachomwa. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kumbe alikuwa anatuuzia chokaa!" Watu wakacheka, na jina likamganda: Abbasi Chokaa. Baada ya muda si mrefu akafunga duka, akahamia Kibondo.

Mchana mmoja Rabia alikuwa anajipakulia maharage.

"Acha hayo, yamelala," Esteri akamwambia. "Yatakusumbua tumbo."

Kijiko kikasimama. "Esteri, ile dawa ya Abbasi ulisema imelala."

"Ndiyo. Niliisaga siku ile ile ulipoondoka, ili ukirudi umechoka uikute tayari."

Vitamini C ikikaa kwenye maji usiku kucha, hufa yenyewe. Rabia alilijua hilo kuliko anavyojua njia ya kwao. Akafungua kopo la pili, lililokuwa limebaki maabara, akasaga kwa mkono wake, akapima papo hapo. Mlima ukapanda hadi ukingo wa skrini. Esteri akajifunika uso kwa kitenge.

"Usilie, mama. Wewe ulisema. Mimi ndiye sikuuliza."

Akamfuata Abbasi Kibondo, akamkuta anauza nyuzi na vifungo. Akamweleza yote bila kujitetea. Abbasi alikuwa anazungusha kifungo mezani.

"Sitaki pole," alisema mwishowe. "Jina langu ulinivua gulioni. Nivalishe pale pale."

Rabia akakubali. Siku ya gulio akasimama tena na kipaza sauti, na Abbasi akaja kusikiliza. Lakini mvua ilishuka ile ya kwetu, isiyobisha hodi. Watu wamejibanza chini ya mabati, mabati yanapiga kelele kuliko yeye. Wauza dagaa wachache walisikia. Wengine walidhani anatangaza chanjo.

"Uliponiua watu walijaa, mdogo wangu," Abbasi alimwambia, maji yakimchuruzika kwenye kofia. "Leo unanifufua, wako wapi?"

Akapanda gari la Kibondo, asirudi tena kufungua duka.

Rabia alitaka kutangaza tena gulio lililofuata. Wakubwa wake wakamkataza: ukweli umeshasemwa hadharani, yatosha; ukizidi kuurudia, nani ataiamini mashine? Akatii. Esteri anasema kwamba Rabia, mpaka anahamishwa mwaka 2015, alikuwa anazunguka nyuma ya soko ili asipite mbele ya lile duka lililofungwa.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, waonaje: ilitosha?