Mkono wa Rais Kwenye Sinia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wageni ya serikali hapa Kibiti, Mpishi Mkuu alinikabidhi kijiko. “Hiki cha kuonjea. Ukikirudisha sufuriani bila kukiosha, rudi kwenu deltani ukavue kamba.”

Kuonja ilikuwa kazi nzito. Chakula cha kiongozi huonjwa na mpishi, kisha daktari, kisha mlinzi. Kikimfikia mwenyewe kimeshapoa.

Miaka ikapita, Mungu akanijalia kushuhudia jambo. Rais wetu alimwalika rais wa nchi jirani, ambaye majeshi yetu yalikuwa yamepigana na yake. Mgeni alikuja na mikate yake begini. Chakula chetu hakukigusa.

Siku ya pili Mkuu wa Itifaki, msimamizi wa taratibu za wageni, aliingia jikoni akitweta. “Anaondoka. Anasema asipoweza kula kwa mtu, hawezi kutia saini amani naye.”

Nyuma yake akaingia Rais mwenyewe. Akaniuliza, “Kwenu mgeni mnamlishaje?”

“Sinia moja, Mheshimiwa. Mkekani.”

“Mheshimiwa, mkeka haumo kwenye itifaki,” Mkuu wa Itifaki akasema.

“Utie.”

Nikapakua wali wa nazi na kamba, marais wawili wakaketi mkekani, nikasimama na birika la kunawia. Mgeni alikunja mikono. Basi Rais akanyoosha mkono hadi upande wa mgeni, akamega tonge, akala, kumwonyesha hakuna sumu. Mimi niliona mtu mzima anavuka sinia, na bakora ya maalimu wangu wa chuo cha Kurani ikanijia, nikaropoka:

“Mheshimiwa, kula kilicho mbele yako.”

Mkuu wa Itifaki akafumba macho kama anayesubiri kuzikwa. Rais akaurudisha mkono taratibu.

“Huyu nani?” mgeni akauliza.

“Mpishi wangu.”

“Anakukemea, nawe unatii?” Akacheka mpaka akashika mbavu. “Wangu wote wananitetemekea. Ndiyo maana siwaamini.” Akaninyooshea mikono nimnawishe. Alikula, akaulizia na ukoko. Alasiri wakatia saini.

Jikoni Mpishi Mkuu alikuwa amenuna. “Umemkemea Rais.”

“Ndiyo, mzee wangu.”

“Hilo tumwachie Mungu. Ule ukoko nilijiwekea mimi.”

Nimestaafu, alhamdulillahi. Amani waliifanya wakubwa. Mimi nilishika birika. Wajukuu wakivuka sinia, nawaambia hata Rais aliurudisha mkono wake. Hawaniamini, ila mikono wanairudisha.