Mwanasha ameniuliza kama ameshakufa

Nyie wajukuu zangu, miguu yenu imeota mizizi? Dada yenu Mwanasha amelazwa, hakuna hata mmoja aliyekanyaga wodini. Mwenyewe ameniruhusu niseme, basi someni.

Leo nimemkuta kitanda cha mwisho, pazia limefungwa kote. Bakuli la uji wameliacha sakafuni, nje ya pazia.

Akanishika kanga.
"Bibi, wewe waniona?"
"Nakuona, kwani u jini?"
"Tangu nipimwe nikaambiwa nina virusi vya UKIMWI, nawatolea wauguzi salamu, hawaitikii. Bibi, nimekufa?"

Jamani!
Sisi tukipita makaburini huwasalimu waliolala mle, wala hatungoji jawabu.

Vidonge vyake vilikuwa pale pale kando ya kitanda, hajavigusa.
"Maiti hamezi dawa," akaniambia. Hakuwa na mzaha.

Nikapanda kitandani, nikamkumbatia. Muuguzi akaingia na glavu mbili mbili, kama aja kuosha maiti. Nikamtolea salamu mimi.

Kimya.

Akaitazama mikono yangu juu ya Mwanasha, akarudi nyuma.
Wallahi nilijipapasa kifua, nisikie kama moyo wangu wadunda.

Kisha nikafoka: "We binti! Salamu hujibiwa! Kuitikia kunaambukiza?"

Akainamisha macho.
"Waalaikumu salamu, bibi." Akamgeukia mgonjwa. "Nawe, Mwanasha."

Mwanasha alilia kwa sauti. Kisha akaomba maji, akameza vidonge.

Haya, nyie mngefanyaje? Semeni.

Na kesho mkija, msichungulie penye pazia. Ingieni, mwiteni kwa jina, mpeni mkono, mkae naye kitandani.