Sufuria Kubwa na Bustani Iliyolowa

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, nywele zangu zikiwa bado nyeusi, nilipompigia simu Maman Régine nikamwambia wanawake wa kanisa wasije kwangu. Mama yangu alikuwa amefariki kwetu Likasi, Kongo, wiki ile. Sikuweza kwenda kumzika kwa sababu karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka, na wenzangu walitaka kuja kukaa matanga nami hapa Brussels. Nikawakataza kwa sababu ya choo.

Usicheke. Ukivuta maji, yalipanda badala ya kushuka, na sinki la jikoni lilikoroma. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa mtaa wa Auderghem, karibu na msitu, kwenye njia ambayo mabomba ya maji machafu ya manispaa yalikuwa hayajafika. Uchafu wetu uliingia kwenye tangi lililofukiwa bustanini, kisha maji yake yakapita kwenye mabomba yenye matundu chini ya majani, udongo ukayanywa taratibu. Sasa udongo ulikuwa umekataa. Bustani ililowa, ikanuka, nami nikawa mtu wa ndoo.

Mume wangu alikuwa amepata kazi Kolwezi, akarudi Kongo akaniacha na nyumba. Upweke wa nyumba ile nausema wazi: kuna siku niliwasha redio jikoni na nyingine chumbani ili nisikie watu wakijibizana. Sasa mama hayupo, na aibu ya choo ilitaka nimlilie peke yangu.

Maman Régine, mkubwa wetu sote, alikuja hivyo hivyo, amevaa viatu vya mvua chini ya kitenge cha msiba.

"Weye unakatala bantu ju ya choo?" aliniambia pale mlangoni, hata pole hajanipa. "Siye hatukuye kuangalia choo, mwana yangu. Tunakuya kulia na weye."

Tulilia, tena sana. Kisha akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaanza kuniuliza maswali. Kwao Lubumbashi kila ua ulikuwa na tangi kama lile, na baba yake hakuwahi kumwita fundi kabla ya kuuliza kwanza.

"Ni robinet moya inakatala, ao yote?"

Yote, nikamjibu, kuanzia bomba la jikoni hadi choo. Basi si sinki lililoziba, akasema. Mvua isiponyesha, bustani inakauka? Haikauki. Basi tusiisingizie mvua. Akanifungia maji ya nyumba nzima, tukanywa chai ya chupa polepole, tukarudi kutazama. Maji ya choo hayakuwa yameshuka hata kidogo. Hapo akaitisha chuma, tukainua kifuniko cha tangi, tukiwa tumeziba pua na vilemba.

Juu ya maji palikuwa na gamba nene la rangi ya chungwa. Yalikuwa mafuta ya mawese. Kwetu Likasi joto huyaacha yakitiririka, lakini baridi ya huku ilikuwa imeyagandisha tangini, na bila shaka mpaka ndani ya mabomba yale ya matundu. Katikati yake palikuwa na sombe, kisamvu chetu, na mabonge ya bukari, yaani ugali.

"Bon," alisema Maman Régine. "Huku kuko chakula ya bantu mingi. Ulikuwa unapikia nani?"

Mama alinilea kupika sufuria kubwa kila siku, kwa kuwa Likasi mtu hupita tu, anavua viatu, anakula. Nami nilipika hivyo hivyo huku, nikatenga sahani, nikasubiri hodi. Brussels mtu haji mpaka umwite. Chakula cha jana mama hakumpa mgeni, na nikikitupa kwenye mifuko ya taka, mbweha wa msituni waliipasua na kuanika sombe langu barabarani, majirani wakaona. Basi nilikimwaga chooni, na mafuta kwenye sinki, kila jioni.

Akanitolea uvivu. "Mama yako alikufundisha sufuria mukubwa ju bantu bakule. Weye unalisha udongo. Alors, shika telefone, baite. Na choo, enda uombe kwa jirani."

Jirani huyo alikuwa mzee wa Kibelgiji, mjane, ambaye mimi naye hatukuwahi kuvuka salamu ya bonjour. Nilisimama mlangoni kwake nikabisha. Nikamweleza msiba, kisha choo. Akafungua mlango wake wazi. Wanawake niliowapigia simu walikuja jioni hiyo, wakaimba, wakapokezana kwenda chooni kwake kwa mstari wa vitenge. Mwishoni akaja naye, amevaa tai. Alipoonja sombe akaweka kijiko chini, akaniambia kwamba tangu mke wake afe alikuwa akinusa chakula hicho kupitia ua kila jioni, akijiuliza ni familia gani kubwa inakula pale.

Nililia tena, mwanangu, na safari hii sikujua namlilia nani.

Gari la kunyonya maji machafu lilikuja baadaye. Mabomba yakasukumiwa maji ya moto, bustani ikapumzishwa, nami nikaoga kwa bakuli mpaka majani yalipokauka.

Basi nisikilize. Futa sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha, na mafuta yasiguse sinki. Choo kikikataa, uliza kwanza kinakataa wapi na lini, usikimbilie kufukua. Lakini zaidi ya yote, usikae na sahani zilizotengwa ukisubiri hodi. Shika simu. Gonga mlango wa jirani hata kama nyumba yako inanuka, maana huenda na yeye amekaa upande wa pili wa ua anasikiliza.

Mungu akupe maji yanayokwenda zake, mwanangu, na watu wa kugombania nawe hata ukoko wa sufuria.