Mama Pasi na simu isiyotaka kukandamizwa

Mgeni anaingia bila hodi. Ni kijana wa tai, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na hakuna aliyewahi kumwona katika chumba hiki cha kufulia nguo za hospitali. Anakohoa kwa mvuke, anabandika karatasi ukutani, kisha analikwapua daftari la mahudhurio mezani.

"Kuanzia Jumatatu mnajiandikisha getini kwa simu," anasema. "Mwisho saa moja kamili. Atakayekosa siku tatu amejifukuzisha kazi."

Mwanamke aliyeinamia shuka anaiweka pasi kando. Wenzake humwita Mama Pasi. Ana miaka hamsini na tisa. Thelathini na moja kati ya hiyo imeishia hapa, shuka mia mbili kwa siku. Amebakiza miezi minane apate kiinua mgongo.

"Mwanangu, sisi wa simu za tochi tufanyeje?"

"Jifunzeni, mama. Dunia imebadilika."

"Imebadilika, eh? Mbona hizi shuka bado hazijikunji zenyewe?"

Chumba kizima kinaangua kicheko. Mgeni anaondoka na daftari kwapani, hata jina la mtu hakuuliza.

Hilo ndilo linalomchoma Mama Pasi. "Sijachelewa hata siku moja," anasema. "Leo mtu ananiambia nisipogusa simu sikuja kazini. Na mimi huyu hapa, nimesimama mbele yake!"

Simu alipewa na binti yake, kuukuu, ina ufa pembeni. Somo la kwanza halikumaliza dakika tano.

"Si hivyo, mama! Hebu lete nikufanyie."

"Jumatatu utakuja kusimama getini badala yangu?" alifoka. "Nifundishe, usinifanyie!"

Makosa yake yalikuwa ya kazi yake. Mpiga pasi hupima moto kwa kidole kilicholambwa, mguso wa kufumba na kufumbua. Akalamba kidole; kioo kikakataa. Basi akakandamiza, kama anayenyoosha mkunjo sugu. Maandishi ya kuuliza kama afute yakachomoza, akakubali asichokisoma, na alama ya kujiandikisha ikatoweka. Mara nne kwa jioni moja alikaribia kuumwaga unga wake kwa kidole chake mwenyewe.

"Nililia kwa hasira," anasema. "Wanaandika herufi kama mayai ya chawa, halafu sisi ndio wajinga."

Ni binti aliyepata dawa, baada ya kushusha pumzi na kukaa chini naye. "Mama, gusa kama unayeondoa uzi kwenye shuka safi." Mama akagusa. Ikafunguka.

Kesho yake alimfuata mchochea boila, mzee wanayemwita Babu Mvuke.

"Dada, niache tu. Haya mambo ni ya watoto. Nitarudi shamba."

"Hurudi popote. Nitakufundisha, na Jumatatu siingii kabla yako."

Sasa wamebaki wafanyakazi tisa wasiojua, naye amepanga kuwafundisha mmoja mmoja saa ya chakula. Anataka pia kumwona mkuu wa ofisi ana kwa ana. "Watupe muda na mtu wa kutuelekeza. Hata pasi mpya ilipokuja tulioneshwa swichi."

Jumatatu, saa moja kasoro dakika kumi. Wawili hao wako getini. Ukijiandikisha, geti hufunguka. Ukipita, hakuna kurudi nyuma. Babu Mvuke anatangulia, simu mkononi. Amesahau namba ya siri.

"Taratibu, kaka. Anza tena."

Kasoro dakika nne. Askari wa geti anamnong'oneza: "Mama, pita wewe. Huyu atachelewa peke yake."

"Nyamaza, unamchanganya."

Babu Mvuke anagusa, anakosea, anapangusa jasho, anagusa tena. Geti linalia, linafunguka. Anapita akitweta.

Mama Pasi anatoa simu yake. Kidole kinashuka kwa wepesi, pale pale panapotakiwa. Maandishi mekundu yanajaa kioo: muda umekwisha. Siku moja kati ya tatu imeliwa, ya kwanza katika miaka thelathini na moja.

Askari anamfungulia kwa ufunguo, macho chini. Shuka zinasubiri.

"Dada, ulikuwa na nafasi ya kupita," Babu Mvuke anasema kutoka upande wa pili, machozi yakimlengalenga.

"Nilisema siingii kabla yako," anajibu. "Uliniona nikitangulia?"