Simu Imesikia Nini?

Mwanangu, umeniambia mwalimu wenu ameruhusu simu darasani, mnarekodi somo mkalirudie nyumbani. Sikukatazi. Ila kabla hujaenda, kuna siku moja ya shuleni Kitangari nataka uijue.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya Newala yamejaa vitu vya nje na simu ndiyo kwanza zinafika huku juu. Nilikuwa binti, mwalimu mpya wa Kiswahili. Vitabu vya fasihi simulizi hatukuwa navyo, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unakaribia. Nikamwalika Bibi Somoe, kungwi wa pale kijijini, aje awasimulie wanafunzi hadithi, nami nirekodi kwa simu yangu mpya. Nilijiona wa maana kweli!

Bibi aliiona simu juu ya meza, akakunja uso.

"Mwalimu, hicho kinasikia?"

"Kinasikia, Bibi, watoto wapate kurudia."

"Nikiondoka, sauti yangu inakaa na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe ukihamishwa?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikabonyeza kurekodi.

Akasimulia, na alisimulia vizuri jamani. Kengele ya mapumziko ikalia, nikabonyeza kuzima, wavulana wakatoka. Wasichana wakamzunguka, wote wameshachezwa unyago, naye akawaimbia polepole wimbo mmoja wa huko unyagoni, wa kuwakumbusha adabu. Wimbo ule haupaswi kusikiwa na mwanamume. Kungwi akiutoa nje, wenzake hawamwiti tena kufunda mwali.

Alipoinuka kuondoka, akainyooshea simu kidole.

"Hebu kiseme kilichosikia."

Nikaifungulia. Ikaja hadithi, ikaja kengele, kisha wimbo. Kumbe sikuwa nimebonyeza sawasawa! Na wavulana hao, wanaingia mlangoni. Bibi akaikwapua simu akaizungushia khanga mpaka sauti ikafa. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Futa."

"Na hadithi, Bibi? Mtihani..."

"Futa yote. Hadithi ninayo mimi."

Nikafuta. Wiki iliyofuata alirudi, akaipakata simu, akataka nimwoneshe pa kubonyeza. Akasimulia upya. Alipomaliza akazima mwenyewe, akasikiliza mwanzo hadi mwisho, ndipo akanirudishia. Wanafunzi waliirudia hadithi ile mpaka siku ya mtihani.

Tangu hapo simu siziamini, hata hii uliyoninunulia. Wewe itumie, usome. Lakini kabla hujamrekodi mtu, mwombe ruhusa. Ukizima, hakikisha imezimika. Na sauti ya mtu usiipeleke asikokutuma. Mungu akufungue akili, akupe kufaulu, na kila atakayekuamini asije akajuta.

Haya, nenda salama. Ila ngoja kwanza, mwanangu. Hiyo uliyoishika muda wote nikiongea, hebu nioneshe, imezimwa?