Umri Wowote

Nilikuwa kwenye intaneti kafe moja ya Kariakoo, nasoma barua pepe ya binti yangu aliye masomoni, mama mmoja wa makamo alipoingia na kijana aliyefunga tai. Kijana alikuwa ameleta posa. Mama ni shangazi wa msichana anayeposwa, na jibu la ukoo lilikuwa mikononi mwake.

"Andika jina lako," alimwamuru. "Nasikia humu mna habari za kila mtu."

Kijana aliandika kwa kidole kimoja, polepole sana. Likatokea tangazo lake la zamani. Shangazi akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Natafuta mchumba aishiye Ulaya, umri wowote."

Kafe nzima tuligeuka.

"Umri wowote?"

"Shangazi, ule ulikuwa utoto. Nalifuta sasa hivi."

"Usiguse! 'Sivuti, sinywi, najua kupika.' Unajua kupika?"

"Najua, shangazi."

Akamgeukia mhudumu. "Niprintie hii, mwanangu." Kisha kwa kijana: "Jumapili utatupikia pilau, watu kumi na wawili. Ikiungua, barua yako ya posa utarudi nayo."

Kijana alifuta jasho kwa tai.

Enzi zetu sifa za mposaji ziliulizwa kwa majirani, nasi tulitangulia kupita kuwaamkia ili watusemee vizuri. Mimi nilimwagiza mshenga aseme najua kupika. Marehemu mke wangu, miaka yote ile, hakunidai ushahidi hata siku moja.

Kesho yake asubuhi nilikoroga uji. Ulifanya mabonge. Niliunywa wote.